Msanii asiye na bosi naye huugua
Tangu nyota wa Kigoma waimbe pamoja “Leka Dutigite” mwaka 2012, nani atabisha kwamba mkoa huu una vipaji? Lakini mzazi wa Katonga, mwanao akisema anafanya muziki bila lebo, muulize: ukiugua, nani atalipa?

Mwajiriwa hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa bima ya NHIF, mwajiri naye huongeza 3. Msanii huru hana wa kumwongezea. Studio, video, vyote juu yake. Sauti ikikauka, kipato kinasimama, na bili inamfuata mama anayeanika dagaa mwaloni.

Malipo ya shoo yakiingia, itengwe kwanza ya bima. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, aende hospitali, asiishie kwenye tangawizi.