Uso wa Kifaa Nao Utazamwe

Nyonga za bandia na mizizi ya meno ya kupandikizwa ni vifaa vya fedha nyingi. Mwenye kuviagiza huvutwa kwanza na bei, kisha ukubwa. Sisi tunasema liko jambo la tatu, nalo ni uso wa kifaa chenyewe.

Mwashi hodari hapigi lipu juu ya ukuta laini. Kwanza huuparuza ili lipu ishike. Mfupa nao hushika vyema zaidi titaniamu iliyokwaruzwa kuliko ile laini. Lakini seli, yaani chembe hai zinazoujenga mwili, hazishiki tu. Husoma, kama kipofu asomavyo kwa ncha za vidole.

Mwaka 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walieleza jinsi walivyotia plastiki vishimo vyenye upana wa nanometa 120 na kina cha nanometa 100. (Unywele wa binadamu una unene wa nanometa zipatazo 80,000.) Juu yake wakaotesha seli changa za binadamu, ambazo zilikuwa bado hazijashika kazi maalumu. Vishimo vilipopangwa sawasawa kama mikarafuu shambani, mfupa haukutokea. Viliposogezwa huku na huko kwa kiasi kisichozidi nanometa 50, seli za aina ileile zikaanza kutengeneza madini ya mfupa, bila ya kutiwa kemikali za kuzichochea. Nani angedhani kwamba safu zilizopinda zingezishinda zilizonyooka! Kumbe seli hujishikiza kwa protini za utandoni mwake, na namna protini hizo zinavyojikusanya hubadili mvutano wa nyuzi za ndani, hata habari ikafika kwenye kiini.

Hiyo ilikuwa kazi ya maabara. Walakini vifaa vyenye uso uliokwaruzwa vimo sokoni tayari, na si kila mkwaruzo ni wa heri, kwani bakteria nao hupenda maficho.

Basi ndugu zetu wa kamati za zabuni wadai maandishi ya mtengenezaji yanayoeleza jinsi uso ulivyotayarishwa, pamoja na habari za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka. Kifaa kikilegea, mgonjwa hurudi kupasuliwa mara ya pili, tena kwa shida zaidi. Na mkaazi wa kisiwani huenda akalazimika kuvuka bahari kuufuata upasuaji huo. Na kifaa kikishapokelewa bohari, kifungashio chake kisifunguliwe na yeyote mpaka kifike mikononi mwa daktari mpasuaji.