Kiongozi Huaminiwa Kuanzia Siku ya Shwari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kila mwaka madrasa zetu za pwani hii huchagua viongozi miongoni mwa wanafunzi. Yupo amiri, yupo kiranja wa darasa, yupo mkuu wa kikundi cha usafi, yupo kepteni wa timu ya mpira na yupo msimamizi wa kaswida siku ya Maulidi. Ni watoto wa miaka 12 hadi 16. Watu wazima tunaviona vyeo hivi kuwa vidogo, na kwa sababu hiyo hatufikirii sana tunapovigawa. Aghalabu tunampa mwenye sauti nzuri, au aliyehifadhi juzuu nyingi, au mkali ambaye wenzake wanamuogopa. Kisha likitokea tatizo, michango ikipungua, timu ikifungwa au ugomvi ukizuka, kikundi kinasambaratika kwa wiki moja na sisi tunabaki kuuliza imekuwaje.

Maoni yetu ni haya. Kikundi hakivunjwi na tatizo. Kikundi huvunjika kwa sababu siku za raha watu wake hawakupata sababu ya kumuamini kiongozi wao. Ustahimilivu wa kikundi ni mavuno, na mbegu yake ni uaminifu wa kiongozi katika mambo madogo yanayohesabika.

Siku ya mgao na siku ya dhoruba

Sisi watu wa pwani ya Lindi na Kilwa tuna mwalimu wa jambo hili karibu yetu, naye ni nahodha wa chombo. Dhoruba inapopiga, nahodha husema neno moja tu, "Shusha tanga!" na mabaharia hutii bila kuuliza. Je, utiifu ule umetoka wapi? Haukuzaliwa pale baharini. Umezaliwa ufukweni, siku samaki walipogawanywa. Chombo kilipata fungu lake, nyavu zikapata fungu lake, na kila baharia akapata haki yake mbele ya wenzake, mchana kweupe. Nahodha anayeficha samaki wazuri chini ya tanga atapata mabaharia siku ya shwari, lakini siku ya dhoruba kila mtu atatafuta ubao wake. Siku ya mgao ndiyo inayoamua siku ya dhoruba.

Hali ni hiyo hiyo mashambani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika zao la korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka magunia yake ghalani na kurudi nyumbani na karatasi. Mali inabaki kule, yeye anasubiri mnada na malipo. Anasubiri kwa sababu anawaamini mwenyekiti, katibu na mwenye mizani. Mizani ikisemwa vibaya mara moja tu, chama kizima hutiliwa shaka, hata siku ambayo mizani ni sahihi.

Nasi tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita katika pwani yetu. Mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja kusini katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Katika siku kama hizo hakuna nafasi ya kuanza kujenga uaminifu. Unatumia ule uliokwisha kuujenga.

Al-Amin kabla ya utume

Tukirejea katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.), tunakuta mpangilio huo huo. Watu wa Makka walimwita Al-Amin, mwaminifu, kabla hajapewa utume. Hata walipompinga na kumuudhi, waliendelea kuweka amana zao kwake, kwa kuwa hawakumjua mwingine wa kumuamini zaidi. Usiku wa Hijra, wakati maadui wamepanga kumuua, alimwachia Sayyidna Ali (r.a.) kazi ya kurudisha amana za watu, zikiwemo za hao hao maadui. Tulitafakari jambo hili. Mtu anayekimbizwa ana udhuru mwingi wa kuondoka na mali ya anayemkimbiza. Yeye hakuuchukua udhuru huo.

Kisha ikaja Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Waislamu wapatao 1,400 walitoka Madina kwenda umra, nyoyo zao zimejaa shauku ya kuiona Al-Kaaba. Makuraishi wakawazuia. Ukafanyika mkataba ambao kwa nje ulionekana mzito kwa Waislamu. Watarudi mwaka huu bila umra, na Muislamu atakayekimbia Makka kuja Madina bila idhini ya walii wake atarudishwa. Wino haujakauka akaja Abu Jandal (r.a.) amefungwa minyororo, anaomba kuokolewa. Mtume (s.a.w.) alimwambia asubiri, kwani ahadi imekwisha kufungwa. Sayyidna Umar (r.a.) alihuzunika mno, akaenda kumuuliza Mtume maswali mazito. Alijibiwa. Hakufukuzwa, hakufedheheshwa.

Baada ya hapo Mtume aliwaamrisha masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe. Alisema mara tatu, hakuna aliyeinuka. Si kwamba walimuasi; huzuni iliwalemea. Akaingia hemani kwa mkewe, Ummu Salama (r.a.), akamweleza. Bibi yule akatoa ushauri kwamba atoke, asimsemeze mtu yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Masahaba walipomuona walisimama wote, wakachinja na wakanyoana wao kwa wao. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 8 Hijria, Makka ilifunguliwa.

Kwa kiongozi wa kikundi, hata awe kiranja wa darasa la watoto 20, hapa pana mambo manne ya kuiga. Ahadi inatimizwa hata inapouma. Swali la mfuasi linajibiwa. Ushauri unapokelewa kutoka kwa yeyote mwenye busara. Na kikundi kikilemewa, kiongozi hutangulia kwa kitendo, haongezi ukali wa sauti.

Somo la Milima ya Matumbi

Tuje katika historia ya mkoa wetu. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu chini ya utawala wa Wajerumani na maakida wao waling'oa mipamba. Ikawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amefanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla yake. Aliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali chini ya nia moja. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa, na mapambano yakaendelea hadi mwaka 1907.

Mashujaa wale tunawaheshimu, na haki yao ya kukataa dhuluma haina shaka. Hata hivyo historia ni ya kusomwa ili tufunzike. Ujasiri wa wengi ulitundikwa kwenye ahadi moja, kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Risasi hazikugeuka maji. Mahali pengi imani iliyounganisha watu ilianza kumeguka, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na chakula iliua watu wengi kuliko risasi.

Funzo letu ni kwamba kiongozi asiwaahidi watu wake jambo ambalo hana uwezo nalo. Kepteni asiseme "Lazima tushinde", aseme "Tutafanya mazoezi siku nne kwa wiki, nami nitakuwa wa kwanza kufika." Ahadi ya kwanza iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Ya pili iko mikononi mwake, na wenzake wanaweza kuipima.

Bibi Titi na akina mama wa lelemama

Miaka 50 baada ya Nandete, watu wa nchi hii waliungana tena kudai haki yao, safari hii bila silaha. Mmoja wa walioujenga umoja ule ni Bibi Titi Mohamed, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakuwa na elimu kubwa ya shule wala cheo serikalini. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma ya lelemama kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alikabidhiwa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU, na katika miezi michache alikwisha kuandikisha wanawake wapatao 5,000.

Tujiulize, aliwezaje? Hakuanza kwa kuhutubia wageni. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vilivyokuwepo mjini. Akina mama wale walikuwa wameshachangiana harusi na misiba kwa miaka mingi, na kila mmoja alijua nani hutoa fungu lake na nani hukwepa. Kuaminiana kulikuwepo tayari, katika vitu vidogo. Bibi Titi alijua thamani yake akakielekeza katika jambo kubwa. Baadhi ya wazazi watasema lelemama si mfano wa kuwekwa katika jarida la madrasa. Sisi tunazungumzia ile desturi ya kuchangiana na kutoachana, ambayo ni desturi njema popote inapokutwa.

Maisha yake pia yanatufundisha ustahimilivu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 alikuwa na jina kubwa. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge huko Rufiji, jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kutajwa sana, mpaka maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru mwaka 1991 yalipolirejesha jina lake miongoni mwa mashujaa. Alifariki mwaka 2000. Leo moja ya barabara kuu za Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Cheo alikipata na kikamtoka. Kazi aliyoifanya na watu haikumtoka.

Tufanye nini madrasani

Tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha.

Kwanza, kila kikundi chenye mchango, hata wa shilingi mia mia, kiwe na daftari. Kinachoingia na kinachotoka kiandikwe, kisomwe mbele ya wote kila Alhamisi. Mtoto anayezoea kusoma hesabu hadharani akiwa na miaka 13 hatapata shida kuisoma akiwa katibu wa chama cha msingi.

Pili, kiranja asifanywe mpelelezi. Tukimtaka alete majina ya waliopiga kelele kila siku, tunamfundisha kuwauza wenzake, nao hawatamuamini tena. Kazi yake ya kwanza iwe kuwasaidia, na lile kubwa tu ndilo limfikie ustadhi.

Tatu, kila kiongozi awe na naibu anayejua kazi yote. Kikundi kinachosimama kwa mguu wa mtu mmoja huanguka siku mtu huyo akiugua malaria.

Nne, iwepo shura fupi, na mdogo kuliko wote apewe nafasi ya kusema. Wapo wazee wanaohofia kwamba kiongozi akiulizwa heshima yake hupungua. Tunawajibu kwa adabu kwamba Sayyidna Umar aliuliza pale Hudaibiya, na heshima ya Mtume (s.a.w.) haikupungua hata chembe. Kinachopunguza heshima ni swali lisilo na jibu.

Tano, tunawaomba wazazi. Mtoto akirudi nyumbani akisema amekosea katika uongozi wake, asipigwe kwa kusema kweli. Atakayepigwa kwa kusema kweli atajifunza kuficha, na anayeficha hesabu ya shilingi 500 leo ndiye huyo huyo tutakayemkabidhi ghala kesho.

Na ninyi vijana mliopewa uongozi mwaka huu, msingoje jambo kubwa ndipo muonekane. Fikeni mapema. Rudisheni mpira mlioazima. Msiposhinda, waambieni wenzenu ukweli, kisha muwe wa kwanza kurudi mazoezini. Uongozi ni amana, na amana huulizwa na watu hapa duniani, tena huulizwa na Mwenyezi Mungu kesho Akhera.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutunza amana zao na ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.