ALAT inao mdomo, meno je?



Hii picha mmeiona mara nyingi kwenye taarifa ya habari. Ukumbi umejaa mameya na wenyeviti wa halmashauri, mgeni rasmi Rais au Waziri Mkuu, chini wameandika "Mkutano Mkuu wa ALAT". Mgeni rasmi anawaambia wakusanye mapato na waache kula hela za wananchi, makofi yanapigwa, halafu zinaingia habari za michezo. Nilimuuliza jirani yangu ALAT ni kitu gani, akanijibu, "Si wale wa semina?"

Jamani, sio wa semina tu. ALAT ni Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, chama cha halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, za majiji, manispaa, miji na wilaya. Wanachama wanachangia ada, yaani hata ule ushuru wa mama muuza nyanya sokoni una senti yake mle ndani. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kinatusaidia nini.

Tuanzie nyuma kidogo. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, eti madaraka yanapelekwa mikoani. Kilichofika huko mikoani ni watumishi wa serikali kuu. Miji ikachafuka, huduma zikadorora, kipindupindu kikaingia, mpaka mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Sheria za 1982 zikafungua njia kwa nyingine, zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo ALAT ikazaliwa. Unaona mantiki yake? Watu waliokwisha kufutwa mara moja wakajua kwamba mmoja mmoja watafutwa tena.

Na hapo ndipo umuhimu wa chama unapoonekana. Mwenyekiti wa halmashauri maskini ya pembezoni akienda Hazina peke yake, atakaa kwenye benchi mpaka jioni. Wakienda 184 kwa sauti moja, lazima mtu awafungulie mlango. Pia wanafundishana, manispaa iliyofanikiwa kwenye taka inaieleza nyingine imefanyaje. Hilo siwapingi hata kidogo.

Tatizo langu ni hili: ALAT inasikilizwa pale tu mkubwa anapotaka kusikiliza. Tuangalie yaliyotokea.

Mwaka 2003 serikali kuu ilifuta kodi ya maendeleo, ile ya kichwa iliyofanya watu wakimbizane na mgambo vichakani. Wananchi tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini halmashauri zilipoteza chanzo kikubwa, zikaahidiwa ruzuku ya kufidia. Toka hapo mazoea yakawa ni kungoja Hazina.

Mwaka 2016 ikaja zamu ya kodi ya majengo, TRA wakapewa kazi ya kuikusanya. Baadhi ya mameya walilalamika hadharani, lakini sheria ilikuwa imeshapita. Kuanzia Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ikianza na sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mpangaji ananunua umeme, anakatwa kodi ya nyumba ambayo sio yake, halafu mtaro mbele ya mlango ukiziba, mwenyekiti wa mtaa anamwambia bajeti haijashuka. Ishuke toka wapi? Hela imepanda juu kabla ya kufika kwa diwani.

Halafu kuna kubwa kuliko yote. Toka ALAT izaliwe, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam imevunjwa mara mbili. Mwaka 1996 ikawekwa Tume mpaka 2000. Februari 2021 ikavunjwa tena, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Hapa sisemi Jiji lile lilikuwa zuri, madudu yalikuwepo. Nasema tu kama jiji kubwa kuliko yote nchini linaweza kuondoka kwa tangazo moja, chama chake kitaogopesha nani?

Na posho za madiwani nazo. Walilia miaka mingi kwamba halmashauri zinawacheleweshea. Kwenye bajeti ya 2021/22 serikali kuu ikakubali kuwalipa yenyewe madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo. Ni ushindi, sikatai. Ila mtoto anayepewa hela ya kula na baba hawezi kugonga meza mbele ya baba. Mkurugenzi wa halmashauri naye anateuliwa na Rais. Sasa kwenye mkutano ule, nani hasa atasimama aseme "mheshimiwa, hapa mmetuonea"?

Tuchungulie kwa majirani. Kenya wana Baraza la Magavana, lipo kwa sheria ya 2012, na Katiba yao inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka 2019 Seneti ilitaka kaunti zipate bilioni 335 za Kenya, Bunge likasema 310. Magavana hawakuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, walikwenda Mahakama ya Juu. Mwisho ikawa bilioni 316.5. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, chama cha manispaa kinaruhusiwa kuwa na wawakilishi hadi 10 kwenye bunge la pili. Hawapigi kura, lakini wanasema kabla sheria haijapita.

Sisi Katiba yetu ibara ya 145 na 146 inazitambua serikali za mitaa, ila haisemi zipate shilingi ngapi. Ndio maana ALAT inaomba, haidai.

Mimi naona mambo matatu. Kwanza, mgao wa halmashauri uandikwe kwenye sheria kwa asilimia. Pili, chanzo chochote cha mapato kisiguswe kabla ALAT haijaulizwa kwa maandishi na ikajibiwa kwa maandishi. Tatu, hili ni letu sisi: meya akirudi kutoka mkutano mkuu, aje kwenye kata aseme aliomba nini na alijibiwa nini. Karatasi moja tu ibandikwe pale ofisi ya mtendaji. Chama ambacho wananchi hawakijui hakina wa kukitetea siku kikibanwa.

Meno hayaoti kwa kupiga makofi, ndugu zangu. Je, diwani wako amewahi kukwambia chochote kuhusu ALAT? Semeni ukweli, hata kama ni diwani wa chama chako.

Naomba kuwasilisha.