Ua la Amani Likiugua Dirishani

Katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na Japani huwekwa vyungu vidogo vya ua lenye majani manene ya mviringo, yaliyofunikwa vinyweleo laini, na maua ya rangi ya urujuani yenye kitovu cha manjano. Wenye kulitunza hulalamika kwa lugha mbalimbali, lakini malalamiko yao ni yale yale: majani yamepata mabaka, shina limeoza, mmea umekataa kuchanua. Vitabu vingi vimeandikwa ili kuwapa dawa ya kila ugonjwa. Hata hivyo, sababu za magonjwa hayo husomeka vizuri zaidi juu ya mwamba mbichi chini ya miti ya Usambara Mashariki kuliko katika vitabu hivyo. La kusikitisha ni kwamba mwanafunzi wa sekondari wa Muheza au Korogwe aghalabu hajapata kuambiwa kwamba ua hilo ni la kwao.

Ua hilo lilianza safari yake ya ulimwenguni mwaka 1892, pale Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, alipolipeleka kwa baba yake Ujerumani. Kutoka kwa baba lilifika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia ionantha. Ofisa huyo alikijua Kiswahili hata akachapisha kitabu cha mafunzo ya lugha hiyo mwaka 1890. Lakini jina lililopewa ua hilo katika sayansi lilikuwa la ukoo wake. Wajerumani wa kawaida walitenda haki zaidi, maana waliliita urujuani wa Usambara, na wanaliita hivyo hadi leo. Waingereza huliita urujuani wa Afrika. Kwa kweli si urujuani kabisa. Ni wa familia ya Gesneriaceae, na tangu mwaka 2015 wataalamu wengi wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, kwa kuwa uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kuwa limetoka katika ukoo huo.

Sasa na tazamwe makazi yake ya asili. Amani ipo mita zipatazo 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na wastani wa joto ni kama nyuzi 20 za Sentigredi. Mmea huu haupendi udongo mzito wa kondeni. Huota katika nyufa za miamba na kingo za vijito, mara nyingi juu ya uso wa jiwe uliosimama kama ukuta, mizizi yake mifupi ikijishika katika mboji kidogo na katika zulia la mimea midogo ya kijani inayofunika mawe mabichi. Jua kali haliufikii. Hupata mwanga uliochujwa na matawi ya miti mirefu. Maji huupitia, hayatuami.

Mtu akiyaelewa hayo matatu, yaani mwamba uliosimama, maji yasiyotuama na mwanga uliochujwa, atatambua asili ya karibu kila ugonjwa wa mmea wa dirishani.

Kuoza kwa kitovu ndiko kunakoua mimea mingi kuliko yote. Juu ya mwamba mmea umeinama, na tone la mvua likiangukia katikati ya majani huteremka likaenda zake. Katika chungu mmea umelazwa chali kama bakuli. Maji hubaki katikati, vinyweleo huyashika, na vijidudu vya maradhi hupata nafasi ya kuingia. Chini nako mizizi iliyozoea hewa ya ufa wa jiwe huzama katika udongo ulioshiba maji, hukosa oksijeni na kuoza. Hapo ndipo mtunzaji hudanganyika: mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani hunyauka kana kwamba mmea una kiu, naye kwa huruma huongeza maji. Wengi wameua mmea kwa huruma ya namna hiyo. Dawa si ya dukani. Udongo uwe mwepesi, wa mboji iliyochanganywa na mchanga wa chengachenga. Chungu kiwe kidogo na chenye tundu. Maji yatiwe tu uso wa udongo unapokauka. Wengine hupitisha utambi wa uzi katika tundu la chungu, ncha yake ikaingia katika kikombe cha maji, na maji hupanda yenyewe kama mafuta ya taa katika kibatari. Njia hiyo ni nzuri, mradi udongo uwe mwepesi kweli, na ni somo tosha la fizikia.

Mabaka ya manjano au meupe juu ya jani, mara nyingine yenye umbo la pete, hudhaniwa kuwa ni kuvu, na watu hununua dawa bure. Baka hilo halitokani na kiumbe chochote, wala haliambukizi jani la pili. Hutokea jani lenye joto linapomwagiwa maji baridi kulizidi kwa nyuzi kama 10. Katika seli za tabaka la juu, zile zinazofanya kazi kubwa ya usanisinuru, kifuko cha maji kilichomo ndani ya seli hupasuka, klorofili huharibika, na mahali pale hubaki pamepauka daima. Maji yaliyokaa chumbani usiku kucha hayaleti dhara hilo. Jaribio lake ni rahisi: majani mawili ya mmea mmoja, kipimajoto, maji ya jokofu na maji ya chumbani. Baada ya siku moja au mbili hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataona tofauti.

Mmea usiochanua mara nyingi umekosa mwanga. Vikonyo vya majani hurefuka na kuelekea dirishani, maua hayaji. Ukiwekwa katika jua la adhuhuri, hasa katika joto la pwani, majani hupauka na kingo zake huungua. Dirisha la mashariki linalopokea jua la asubuhi hufaa. Mbolea nyingi nayo haisaidii. Chumvi zake hujikusanya kama ganda jeupe ukingoni mwa chungu cha udongo, na vikonyo vinavyogusa ukingo huo huoza. Wapo pia wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba, wakaao penye maungio ya majani. Hao huondolewa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti.

Magonjwa ya dirishani yametajwa kwa kirefu kwa sababu moja: yapo vilevile msituni, ila huko hakuna wa kuhamisha chungu. Miti mikubwa juu ya mwamba ikikatwa, jua hufika chini, zulia la kijani hukauka, unyevu huondoka na majani ya ua hupauka. Ni ugonjwa ule ule wa dirisha lenye jua kali, isipokuwa aliyefungua pazia hapo ni msumeno. Spishi kadhaa za kundi hili huishi katika kilima kimoja au viwili tu ulimwenguni, na baadhi yake zimo katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na yenye hekta zipatazo 8,380, imeokoa sehemu kubwa ya kivuli hicho. Lakini miamba iliyo nje ya mipaka, hata ile ya chokaa karibu na Tanga, haina mlinzi wa namna hiyo.

Husemwa mara nyingi kwamba wageni waliliiba ua hili na kujitajirisha. Malalamiko hayo yana msingi. Kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ilianza kuotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza katika miaka ya 1920, ikachagua aina chache bora, na biashara kubwa ikazaliwa bila senti kurudi Usambara. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 unatambua mamlaka ya nchi juu ya mali ya namna hiyo, lakini hauwezi kurudisha kilichotoka miaka mia moja kabla yake. Kwa hiyo kulalamika peke yake ni kazi isiyo na mavuno. Aina za dirishani zimetokana na mimea michache sana iliyochukuliwa zamani. Utofauti wa kundi hili, pengine pamoja na sifa ya kustahimili joto au maradhi, umebaki milimani. Mali hiyo bado ipo mikononi mwa Watanzania, na asiyeijua hawezi kuitunza wala kuitumia.

Ndiyo maana haifai somo la baiolojia mkoani Tanga kuendelea kufundishwa kwa mifano ya mimea ambayo mwanafunzi hajapata kuiona huku ua hili likiachwa kando. Wala asije mwalimu akalielewa neno hili kuwa ni ruhusa ya kupeleka darasa zima Amani kung'oa mimea mwambani. Mwamba mmoja ukivamiwa na wanafunzi arobaini unaweza usipone. Jani moja kutoka chungu cha mjini linatosha. Kikonyo chake hukatwa kubaki na urefu wa sentimita 3 hivi, huchomekwa katika mchanga wenye unyevu, na baada ya wiki chache miche midogo huchomoza chini yake. Kila mche ukikua hutoa majani mengine ya kupandwa, na katika muda wa mwaka mmoja kila dawati la maabara linaweza kuwa na chungu chake.