Parsele ya Bukavu inalisha nani?

Kila wiki magari yanafika Bukavu kutoka Kamituga, Luhwindja, Nyabibwe. Ndani yake iko mwanaume mwenye feza ya shimo mfukoni na wazo moja kichwani: nitafute komisioneri, ninunue parsele, nijenge vyumba, lokateri wanilishe nikiwa mzee. Sisi hatuchekei wazo hilo. Shimo halina pansheni. Tarehe 11 Septemba 2020, pale Kamituga, mvua ilifunga mashimo na kuzika vijana wengi kwa mara moja. Julai 2024 mkuu wa jimbo alisimamisha uchimbaji Kivu Kusini, na nyumba nyingi zikakosa mkate. Wazee nao wanakumbuka Sominki, iliyoundwa mwaka 1976: ilipokufa miaka ya 1990, watu waliolala miaka yote katika kambi za kampuni walibaki wanadai malipo yao ya mwisho, bila nyumba yenye jina lao.

Basi kununua ni vizuri. Tunachokataa ni ule wimbo kwamba nyumba inaleta feza wewe ukiwa umelala. Tufanye hesabu ya mfano tu. Vyumba vine, dola 25 kila kimoja, ni dola 100 kwa mwezi, 1,200 kwa mwaka. Ondoa miezi chumba kinakaa bure, manjanja yanayovuja, choo kilichojaa, zamu, kodi ya Serikali juu ya mapato ya nyumba. Ikibaki 800, mshukuru Mungu. Kama parsele na ujenzi vilikula dola 9,000, feza yako inarudi kisha miaka kumi na moja. Na vita? Februari 2025, M23 ilipoingia mjini, benki zilifunga na familia nyingi zilikimbia. Mwenye vyumba hakuweza kuvibeba kichwani.

Na ile garanti! Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kulala garanti haipite miezi tatu. Bayere wengi wanaomba zaidi, halafu wanaimaliza kwa kununua simenti ya chumba cha tano. Garanti haiko faida. Ni deni. Siku lokateri anahama, utamrudishia na nini?

Tuje kwa karatasi. Mchimbaji anajua kupima jiwe kwa macho, lakini mbele ya karatasi yenye muhuri anakuwa mtoto. Sheria ya 20 Julai 1973 iko wazi: udongo wote ni wa Serikali, wewe unapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inahakikishwa na cheti cha usajili, ile watu wanaita sertifika, kinachotolewa na konservateri. Karatasi ya mauzo uliyosaini na muuzaji mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi wawili ni ushahidi kwamba ulitoa feza. Sertifika haiko. Ndiyo maana parsele moja inaweza kuuzwa kwa watu watatu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Cheti kikisha pita miaka mbili, sheria inakilinda sana. Mwenye kulalamika anabaki kudai fidia tu. Kwa hiyo yule aliyekimbia kusajili ndiye anayelala vizuri, hata kama wewe ulinunua mbele yake.

Uangalie pia udongo wenyewe. Funu, katika Kadutu, mlima unatembea polepole miaka na miaka. Wataalamu wameupima, na wenye nyumba wanauona kwenye nyufa za kuta. Bei ikiwa chini sana, ulize jirani nini ilifanyika wakati wa mvua. Komisioneri hatakuambia, yeye analipwa siku ya kuuza.

Lakini kinachotuumiza zaidi hakiko kwa kadastre. Kiko nyumbani. Wanaume wengi wa karieri wananunua kwa siri. Mama hajui parsele iko wapi, karatasi ziko kwa kaka au kwa pedeje wa shimo, na risiti inabeba jina la rafiki «kwa sababu alikuwa mjini». Tunajua sababu: wanaogopa mke atauza, atapeleka kwao. Sawa. Halafu shimo linaanguka. Kisha matanga, wajomba wanakuja na funguo, lokateri wanaambiwa walipe kwa mtu mwingine, na mama na watoto wanarudi kupanga chumba cha mbao. Nyumba ilijengwa kweli. Ilimlisha nani?

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya mali ya marehemu, na mke ana sehemu yake kati ya warithi wengine. Watoto waliozaliwa nje wanarithi pia ikiwa baba aliwatambua kisheria. Lakini hakimu anauliza karatasi. Mke aliyelipiwa mahari kijijini bila ndoa kuandikwa kwa Serikali anafika pale na maneno tu, na wale waliokaa pamoja bila mahari wako na kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo, ndugu zetu, kuandikisha ndoa na kutambua watoto ni sehemu ya ujenzi, kama vile msingi. Inagharimu kidogo kuliko lori moja ya mchanga.

Tungependa kuona hivi: mbele ya kutoa dola ya kwanza, bwana na bibi wanaenda pamoja kuona kiwanja, mchana, na tena siku ya mvua. Wanauliza kwa kadastre jina lililoandikwa pale ni la nani. Wanajenga vyumba viwili vyenye choo kizuri na kuacha etaji kwa baadaye. Na kwa sababu baba atarudi karieri, mama ndiye atapokea loyeri. Basi daftari ya risiti iwe na jina lake tangu mwezi wa kwanza, na kopi ya sertifika ikae ndani ya sanduku lake.