Padre Huondoka na Barua, Mwanafunzi Mlei na Begi



Jumapili ya mwisho kabla sijaondoka, Paroko aliniita mbele baada ya Komunyo. Akaniwekea mikono, WAWATA wakaimba, mwenyekiti wa jumuiya yetu akanikabidhi rozari na bahasha ya michango. Nilipigwa picha na watu ambao hata majina yao sikuyajua. Baadaye tukanywa chai chini ya mwembe, na kwa upande wa parokia shughuli yangu ikawa imekwisha.

Mwaka uleule padre mmoja kijana wa parokia yetu alitumwa Roma kusoma. Askofu wake aliandika barua. Kule Roma chuo cha mapadre kilimjibu, kikamtengea chumba, na mtu akaenda kumpokea uwanja wa ndege. Usiku wa kwanza alilala penye kikanisa, penye meza ya chakula, na penye gombera ambaye angeuliza kama angeikosa ile meza siku mbili. Sisemi hivi kwa wivu, padre yule ni rafiki yangu na masomo yake yalimtesa kama yalivyonitesa yangu. Nasema kwa sababu wote wawili tulibatizwa kwenye kisima kimoja, na Kanisa lilijua kumsindikiza mmoja wetu tu.

Mimi nilikwenda Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Majirani zangu Walutheri pale Kilimanjaro walilijua jina hilo kuliko mimi, maana wamisionari wa Leipzig walianza kazi kwenye mlima wetu mwaka 1893. Bibi mmoja aliniambia nikifika niwasalimie. Nilifika Oktoba, nikamkuta wa kumsalimia ni sanduku la barua.

Wasomaji wanaojiandaa kwenda huko wanisikilize hapa. Ujerumani mtu akihamia nyumba anatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, na anatakiwa kwenda na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba anaishi hapo. Bila uandikishaji huo karibu kila mlango mwingine unakuwa mgumu: benki, namba ya kodi, kibali cha kukaa. Mimi nilikuwa nimejibana chumbani kwa Mtanzania mwenzangu huku nikisubiri hosteli, na mwenye nyumba hakutaka kunipa karatasi. Wiki tano nilizunguka.

Halafu kuna fedha. Ili upate viza, wengi tusio na ufadhili tunawekewa akaunti maalumu ambayo fedha zake hazitoki kwa mkupuo. Mwaka 2024 kiwango kiliwekwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Nyumbani watu wakisikia hesabu hiyo wanadhani kijana ametajirika kabla hajapanda ndege. Ukweli ni kwamba hiyo 992 inalipa chumba, bima ya afya na chakula, na kinachobaki ni nauli. Kwangu mimi nusu ya fedha zile zilitokana na shamba la baba mdogo. Mwezi wa pili tu nilianza kupokea ujumbe: ada ya fulani, bati za fulani. Sikuweza kusema sina, kwa hiyo nikaacha kupokea simu.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni lile la ofisi ya wakazi. Siku nilipopata karatasi hatimaye, fomu iliuliza dini yangu. Wenzangu walikuwa wamenionya mapema: ukiandika Mkatoliki watakukata kodi ya Kanisa, weka mstari. Nikaweka mstari. Nilifanya haraka, kalamu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Hakuna aliyeniambia kodi ile inavyokwenda. Si asilimia 9 ya mshahara kama tulivyokuwa tukiambizana. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na 8 katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg. Mwanafunzi mwenye kibarua kidogo kwa kawaida hadaiwi kodi ya mapato, na asilimia 9 ya sifuri ni sifuri. Niliikana dini yangu kwenye karatasi ili kuokoa fedha ambazo hakuna aliyekuwa anazidai. Wanasheria wa Kanisa watasema, na ni kweli, kwamba mstari ule si sawa na kujitoa rasmi katika Kanisa mbele ya serikali, jambo ambalo maaskofu wa Ujerumani kwa dekrii yao ya mwaka 2012 waliliwekea adhabu nzito ya kutopokea sakramenti. Sawa. Ila ofisi ile hupeleka taarifa za waumini wapya kwa Kanisa lenyewe. Mstari wangu ulimnyima paroko wa pale jina langu. Nyumbani hakuna aliyemwandikia, na mimi mwenyewe nikajifuta.

Kisha ikaja baridi. Mwezi Desemba kule Leipzig saa kumi alasiri jua limeshazama. Nilikwenda Misa mara mbili, sikuelewa mahubiri, hakuna aliyenisalimia kwa sababu kule watu hawamsalimii mtu wasiyemjua, nikarudi chumbani nikajiambia lile tunalopenda kusema hapa nyumbani, kwamba Kanisa la Ulaya limekufa. Ni sentensi tamu sana kwa mtu anayetaka kulala Jumapili. Kuanzia Novemba hadi Pasaka sikuingia kanisani. Mama akipiga aliuliza, "Umekwenda Misani, mwanangu?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Rozari ya jumuiya ilikuwa kwenye mfuko wa begi, chini ya kitanda.

Aliyenitoa ni dada mmoja Mkameruni tuliyekuwa maabara moja. Hakunihubiria. Aliniambia Jumatano jioni wana chakula kwenye nyumba ya jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki na wanakosa mtu wa kuosha masufuria. Nilikwenda kwa sababu ya chakula. Jumuiya za namna hiyo zipo karibu kila mji wa chuo kikuu nchini Ujerumani, zina padre au mlei aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na nyingi zina mfuko mdogo wa dharura kwa wanafunzi wageni. Ile ya kwetu ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka hosteli. Miezi sita nilipita karibu nayo kwa tramu.

Sasa nirudi kwetu, maana lawama yangu haiko Leipzig. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 529, inamtaka paroko awajali kwa bidii ya pekee maskini, wapweke na walio mbali na nchi yao, na ya 813 inamkabidhi askofu uchungaji wa wanafunzi wa vyuo. Mtu atasema hizo zinamhusu paroko na askofu wa kule nilikokwenda. Ni kweli, lakini atamjali vipi mtu asiyejua kwamba amefika? Paroko wangu aliandika barua kwa ajili ya ubalozi, kuthibitisha kwamba mimi ni kijana mwenye tabia njema. Kwa Kanisa la pale hakuandika hata mstari.

Nimeliongea hili mara kadhaa na nimejibiwa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, atafute kanisa mwenyewe. Naliheshimu jibu hilo, lakini halinishawishi. Padre niliyemtaja ni mtu mzima zaidi yangu, na hakuna aliyemwambia atafute Roma mahali pa kusali. Tunajua upweke unavyomfanya mtu; ndiyo maana seminari ina ratiba, kengele na meza ya pamoja. Mafrateri mnaosoma hapa, mnalijua hilo kwa miili yenu.

Ninachoomba ni kidogo. Barua moja kwa padre wa wanafunzi wa mji ule, yenye jina, chuo na tarehe ya kufika. Anwani zinapatikana kwenye intaneti kwa nusu saa. Nakala ya cheti cha ubatizo ndani ya begi. Na jumuiya imchague mtu mmoja, asiye ndugu wa damu, wa kumpigia kila wiki mbili. Wakati wa baridi saa zetu zinapishana na za Ujerumani mbili tu, kwa hiyo hakuna sababu. Mtu huyo asiulize "Vipi Ulaya?" kwa sababu jibu lake ni "Nzuri" siku zote. Aulize, leo umekula nini, na umekula na nani. Swali la pili ningelijibu kwa shida sana Januari ile, na labda ningesema ukweli. Na zile bati na ada zisubiri mwaka wa kwanza uishe.

Fomu niliirekebisha mwaka uliofuata. Nilirudi ofisini nikiwa na cheti cha ubatizo, mama wa kaunta akaandika bila kuniangalia, ikachukua dakika nne. Mama yangu nilimweleza uso kwa uso nilipokuja likizo. Alinyamaza kidogo, akauliza kama yale masufuria yalikuwa makubwa.

Mwaka huu kuna binti wa jumuiya yetu anayekwenda kusoma Aachen. Barua nimeiandika mimi kwa Kijerumani changu cha kuchechemea, Paroko amesaini na kupiga mhuri, na tumeituma wiki iliyopita. Jibu bado. Anaondoka mwishoni mwa Septemba, na WAWATA wameshaanza mazoezi ya wimbo.