Wagonjwa 81 na Ugonjwa wa Kuhesabu Makala

Wadau, leo mtaniwia radhi, nimeamka na hasira. Juzi nilikuwa kwenye kongamano moja, msomi akatambulishwa kwa dakika nne nzima: makala alizochapisha, na mara elfu ngapi wenzake wamemtaja kwenye makala zao. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakuna aliyeuliza amegundua nini. Hata mimi sikuuliza, nilikuwa natafuta mahali pa kuchaji simu.

Njiani nikamkumbuka Murray Urowitz, daktari wa magonjwa ya viungo aliyeanzisha kliniki ya lupasi kule Toronto, Kanada, mwaka 1970. Kwa asiyeijua, lupasi ni pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo, moyo, popote. Karibu tisa katika kila wagonjwa kumi ni wanawake.

Mwaka 1976 Urowitz na wenzake walichapisha makala kuhusu wagonjwa 81 tu, waliowafuatilia kwa miaka mitano. Kumi na mmoja walikufa. Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Sita walikufa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kugundulika, lupasi ikiwa imewaka na wengi wakiwa na maambukizi makali juu yake. Hao walieleweka. Watano wengine walikufa baada ya wastani wa zaidi ya miaka minane, lupasi ikiwa imelala kwa wengi wao, na wote watano walikuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo.

Yaani watu ambao daktari yeyote angewaambia "hongera, unaendelea vizuri". Walikuwa wamemeza prednisoni kwa miaka, halafu moyo ukasimama. Kifo cha aina hiyo hukioni kama mgonjwa unamwona mara mbili halafu unampoteza.

Makala hiyo ndiyo iliyowageuza macho madaktari wa lupasi kuutazama moyo. Mwaka 1997 Susan Manzi na wenzake wa Pittsburgh walionyesha kwamba wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 walikuwa kwenye hatari ya mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 ya wanawake wa rika lao. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 unataka prednisoloni ya kila siku ishushwe hadi miligramu 5 au chini yake, na ikiwezekana iachwe kabisa.

Najua mtaniambia: mbona na makala ya Urowitz imetajwa mara nyingi tu? Imetajwa, ndiyo. Lakini yalitangulia mafaili, sifa zikafuata. Sisi tunataka sifa bila faili.

Nina dada mmoja nilisoma naye, yuko hapa hapa Dar, mwaka wa sita sasa na lupasi. Anatembea na daftari lake la kliniki, la nne hili. Moja lililowa mvua, mengine mawili hajui yalipo. Kila akienda anakuta daktari mwingine, anaanza hadithi upya tangu vidonda vya mdomoni. Presha wanampima. Mafuta kwenye damu, hata mara moja! Dozi ya prednisoloni wa kumwongezea wapo, wa kumpunguzia hajapatikana.

Halafu kwa miaka mingi wataalamu waliandika kwamba lupasi ni adimu kwa Waafrika wa huku kwetu. Adimu? Daftari la wagonjwa la Georgia, Marekani, lililochapishwa mwaka 2014, lilikuta wanawake weusi wanaipata takriban mara tatu ya wazungu. Sisemi Dar ni sawa na Atlanta. Nasema huwezi kusema kitu ni adimu kama hesabu yake iko kwenye daftari lililolowa.

Na msinitolee habari ya bajeti. Faili lisilopotea na fomu ileile kila mgonjwa anapokuja si mashine ya mabilioni. Ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi kwenye kongamano, basi.

Dada yangu ana miadi Jumanne. Nimemnunulia daftari la jalada gumu, ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Daktari, naomba nipimwe mafuta kwenye damu." Amecheka, akasema watamwona mjuaji. Ila amelibeba.